Kabla hujanunua kadi ya grafiki, soma kwanza lebo ya pawa saplai

Kijana mmoja anayesomea uchoraji wa majengo aliniletea kompyuta yake ikiwa imefungwa kwenye kanga. Ilikuwa Dell OptiPlex 7010, ile ya mwaka 2012 yenye kasha la kusimama, mashine ya mtumba wa maofisini ambayo imejaa mijini kwetu kwa sababu ni imara na bei yake inavumilika. Alidunduliza hela kwa miezi kadhaa akanunua kadi ya GTX 1660 Super. Kadi hiyo inadai plagi ya umeme ya pini 8, na pawa saplai ya mashine ile haina plagi hiyo. Aliyemuuzia akampa waya wa kuunganishia: upande mmoja pini 8, upande wa pili kichwa cha SATA, kile cha kulishia diski umeme. Mashine ikawaka. Ikafanya kazi siku nne. Siku ya tano, akiwa katikati ya kurenda picha ya nyumba, yaani kompyuta inapokokotoa mchoro kuwa picha kamili, skrini ikazimika na chumba kikajaa harufu ya plastiki.

Nilipofungua kasha nilikuta kichwa cha SATA kimeyeyuka upande wa waya wa njano, ule wa volti 12, plastiki nyeusi imetiririka na kuganda kama lami ya barabarani. Pawa saplai ilikuwa imekwisha. Kijana aliuliza swali moja tu: "Fundi, na kadi nayo imekufa?"

Kadi ilipona, na nitasema mwishoni tulivyofanya. Lakini hasara ile isingetokea kama angefanya hesabu ya dakika kumi kabla hela haijatoka mfukoni. Hesabu yenyewe ndiyo hii. Nitatumia mashine ile ile ya Dell kama mfano, maana ndiyo watu wengi wanayo.

Hatua ya 1: Fungua kasha, utafute lebo

Zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani uishe. Fungua ubavu wa kasha. Pawa saplai ni lile boksi la bati ambalo waya wa ukutani unaingilia. Boksi hilo lenyewe usilifungue hata siku moja: kapasita zake hubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomoa. Kazi yako ni kusoma karatasi iliyobandikwa ubavuni. Ikiwa imeangalia ndani ya kasha, fungua skrubu nne za nyuma ulivute taratibu, au ingiza simu upige picha.

Ukiwa hapo nyuma, tazama kama kuna swichi ndogo nyekundu yenye maandishi 115 na 230. Pawa saplai nyingi za siku hizi hazina, zinajirekebisha zenyewe, lakini mashine za zamani zilizotoka Marekani zinakuja nayo ikiwa kwenye 115. Kwetu umeme wa ukutani ni volti 230 hadi 240. Ukichomeka hivyo hivyo, utasikia mlio kama wa fataki na kazi imeishia hapo. Sogeza swichi iwe 230 kabla ya jambo lingine lolote.

Hatua ya 2: Isome lebo kama fundi, usiisome kama mnunuzi

Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, kwa hiyo twende polepole.

Namba kubwa iliyochapwa juu, tuseme 500W, ni jumla ya laini zote za umeme ndani ya boksi: ya volti 3.3, ya volti 5 na ya volti 12. Kadi ya grafiki hula karibu umeme wake wote kwenye laini ya volti 12. Prosesa pia. Hizo laini nyingine mbili kwenye kompyuta ya leo zina kazi ndogo. Kwa hiyo swali lako liwe moja: laini ya volti 12 inabeba kiasi gani?

Kwenye lebo kuna jedwali. Tafuta safu iliyoandikwa +12V, angalia ampea zake, kisha zidisha kwa 12. Jibu ni wati. Pawa saplai nzuri ya wati 450 itakuonyesha ampea 36 au 37 kwenye laini hiyo. 37 mara 12 ni 444, yaani karibu uwezo wake wote unaweza kwenda kwenye kadi na prosesa. Sasa chukua lebo nyingine, ya boksi jepesi la bei ya kutupa, limeandikwa 500W kwa herufi nene, lakini safu ya +12V inasema ampea 16. Kumi na sita mara 12 ni wati 192. Hizo nyingine zimetajwa kwenye laini ambazo kadi yako haitazigusa. Mtu akinunua boksi hilo akidhani ana wati 500, amedanganywa na herufi nene.

Kuna lebo zenye laini mbili za volti 12, zimeandikwa +12V1 na +12V2, kila moja na ampea zake. Usizijumlishe. Kama kila moja ina ampea 16, haimaanishi una 32. Chini ya jedwali huwa kuna mstari unaotaja kikomo cha zote mbili kwa pamoja, kwa mfano wati 276, ambazo ni ampea 23 tu. Mstari huo ndio wa kuuamini.

Na uzito wa mkononi nao unasema kitu. Pawa saplai yenye transfoma na vipoza joto vya kutosha ina uzito wa kueleweka. Ukishika boksi la "wati 600" ukahisi kama umeshika kopo tupu, lirudishe mezani kwa muuzaji. Alama ya 80 PLUS inasaidia kiasi, lakini inazungumzia ufanisi wa kutumia umeme, haikuambii vifaa vya ndani vitadumu miaka mingapi.

Hatua ya 3: Jua kadi inakula kiasi gani, na inakula kupitia wapi

Sloti ya PCIe kwenye mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), ile ndefu ambamo kadi inakaa, inaweza kuipa kadi hadi wati 75. Zaidi ya hapo lazima plagi ziingie kutoka kwenye pawa saplai: plagi ya pini 6 huongeza hadi wati 75, ya pini 8 hadi wati 150. Kwa hiyo ukiona kadi isiyo na tundu la plagi kabisa, umeshajua haizidi wati 75. Ukiona tundu moja la pini 8, jua mtengenezaji amejiwekea nafasi ya hadi 225.

Kwa mashine ya ofisi isiyo na plagi hizo, kadi zinazokaa bila ugomvi ni kama GT 1030 (wati 30), GTX 750 Ti (60), GTX 1050 Ti (75), GTX 1650 (75), RX 6400 (53) na RTX 3050 ya gigabaiti 6 (70). Zinazodai plagi ni kama GTX 1060 (120), GTX 1660 Super (125), RTX 3060 (170) na RX 580 (185).

Lakini jina peke yake halitoshi. GTX 1650 ipo isiyo na plagi, na ipo ambayo mtengenezaji ameiongezea kasi akaweka tundu la pini 6. Ukiiweka bila kuchomeka plagi haitafanya kazi. RTX 3050 ya gigabaiti 8 iliyotoka mwaka 2022 ni ya wati 130 na inataka plagi, wakati ile ya gigabaiti 6 ya mwaka 2024 ni ya wati 70. Majina yanafanana, tumbo halifanani. Omba picha ya ubavu wa kadi yenyewe unayouziwa, siyo picha iliyotolewa mtandaoni, uone kama kuna tundu.

Jambo moja nje ya umeme, kwa wanaohariri video: RX 6400 ni nzuri kwa umeme mdogo, ila haina sehemu ya kusimba video, yaani ya kuibana video unapoitoa kuwa faili, na inatumia njia 4 tu za PCIe, kwa hiyo kwenye mashine ya zamani inapoteza kasi yake. Mimi sikuwekei kadi hiyo kwenye OptiPlex ya 2012 kama kazi yako ni harusi na matangazo.

Hatua ya 4: Piga hesabu

Chukua karatasi. OptiPlex 7010 ya kusimama ina pawa saplai ya wati 275. Ndani tuseme kuna prosesa ya i5-3470, ambayo Intel imeiandikia wati 77. Mazabodi na ramu mimi huzipa 35. Diski ya kuzunguka 10, SSD 5, feni 5. Jumla bila kadi ni 132.

Ukiweka GTX 1650 isiyo na plagi, ongeza 75. Unapata 207.

Ukiweka GTX 1660 Super, ongeza 125. Unapata 257.

Kanuni yangu ni kwamba pawa saplai isibebeshwe zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake, na iliyozeeka ikiwezekana chini ya hapo. Asilimia 80 ya 275 ni 220. Kwa hiyo 1650 inaingia, kwa kubana lakini inaingia. 1660 Super haiingii, hata kama ungepata plagi ya dhahabu. Halafu rudia hesabu hiyo hiyo kwa laini ya volti 12 uliyoisoma kwenye lebo: jumlisha prosesa, kadi, feni na diski, uhakikishe haipiti kikomo chake. Mara nyingi boksi la bei rahisi hupita mtihani wa jumla likafeli huu wa pili.

Utaona NVIDIA, wenye kadi za GTX na RTX, wenyewe wanaandika kwamba GTX 1650 inataka pawa saplai ya wati 300, 1660 Super wati 450, na RTX 3060 wati 550. Namba hizo ni za kompyuta nzima, na wameziongeza makusudi kwa sababu hawajui umeweka prosesa gani na boksi la aina gani. Zifuate kama huna muda wa kupiga hesabu. Ukipiga hesabu kwa uaminifu, unaweza kuwa na 275 nzuri ikafanya kazi pale ambapo "500" mbovu inashindwa.

Tahadhari kwa wenye prosesa mpya: wati zilizotajwa kwa herufi kubwa ni za kazi ya kawaida. Core i5-12400 imeandikwa wati 65, lakini Intel hao hao wanasema ikikimbia kwa nguvu zote inafika 117. Hesabu ufanye kwa 117. Na kadi kubwa za miaka hii zina tabia ya kuruka ghafla juu ya wati zake kwa muda mfupi mno, ndiyo maana kiwango cha pawa saplai cha ATX 3.0 cha mwaka 2022 kilitoka, kikidai pawa saplai ivumilie miruko hiyo. Kama unaelekea huko, ongeza nafasi, usibane.

Hatua ya 5: Plagi na umbo

Umeshajua wati zinatosha au hazitoshi. Kama hazitoshi unabadilisha pawa saplai, na hapo swali ni kama mashine yako itakubali nyingine.

OptiPlex 7010 ya 2012 yenye kasha la kusimama ina bahati: mazabodi yake inatumia plagi ya kawaida ya pini 24, na boksi la kawaida la ATX linakaa mahali pake. (Dell waliirudia namba hiyo ya 7010 mwaka 2023 kwa mashine tofauti kabisa, kwa hiyo angalia mwaka.) OptiPlex 9020 iliyofuata imebadilika: plagi ya mazabodi ni ya pini 8 za Dell wenyewe. HP EliteDesk 800 G1 nayo ina ya pini 6 ya kwao. Hizo zinahitaji waya wa kubadilisha kutoka pini 24, na waya huo upo madukani, ila ununue uliotengenezwa kwa modeli yako hasa.

Zile nyembamba za kulaza, SFF, zina pawa saplai ya umbo la peke yake na kadi inayoingia ni fupi ya kimo tu. Zaidi ya hapo, baadhi yake watengenezaji wameiwekea sloti kikomo kilicho chini ya wati 75. Fungua mwongozo wa modeli yako utafute sehemu ya sloti za PCIe kabla ya kuamua. Kwa mashine hizi mimi nashauri kadi za wati 30 hadi 50, na mtu akitaka zaidi ya hapo auze SFF achukue ya kusimama.

Sasa waya za kuunganishia, zilizomtia hasara yule kijana. Kichwa cha SATA kina pini tatu za volti 12, kila moja imetengenezwa kwa ampea 1.5. Jumla ampea 4.5, yaani wati 54. Plagi ya pini 8 ina ruhusa ya kuvuta hadi 150. Kadi yake ya wati 125, ikivuta 40 kwenye sloti, 85 zilizobaki zinapita kwenye vijipini vya wati 54. Haiungui siku ya kwanza kwa sababu haikimbii kwa nguvu zote siku ya kwanza. Inaungua siku ya kurenda. Waya wa SATA kwenda pini 6 au 8 usiuweke, hata ukipewa bure.

Waya wa Molex mbili (vile vichwa vya zamani vya pini nne nene) kwenda pini 6 naukubali kwa shingo upande, kwa kadi ndogo tu, na Molex hizo zitoke kwenye nyaya mbili tofauti za pawa saplai.

Plagi ya pini 8 ya prosesa inafanana sana na ya kadi, lakini mpangilio wa njano na nyeusi ni tofauti. Ya kadi mara nyingi imegawanyika 6 na 2, ya prosesa 4 na 4. Ikigoma kuingia, usiilazimishe. Kugoma kwake ndiko kunakokuokoa. Na kama pawa saplai yako ni ya nyaya za kuchomoa, tumia nyaya zilizokuja nayo peke yake. Upande wa kadi zote ni sawa, lakini upande wa boksi kila kampuni ina mpangilio wake, na waya wa kuazima unaweza kupeleka volti 12 mahali pa volti 5 ukaua diski zako zote kwa sekunde moja.

Hatua ya 6: Umeme wa ukutani na UPS

UPS, yaani boksi la betri linaloshika kompyuta umeme ukikatika, za VA 650 zilizojaa kwenye maduka yetu mara nyingi hubeba wati 325 hadi 390. VA siyo wati. Jumlisha kompyuta na skrini: mashine ya wati 207 na skrini ya 25 inatosha, mashine ya wati 330 na skrini, umeme ukikatika UPS ya wati 325 italia mara moja na kuzima vyote. Soma wati kwenye lebo ya UPS kama ulivyosoma ya pawa saplai.

Hatua ya 7: Weka, kisha jaribu mbele ya macho yako

Weka kadi, bana skrubu, chomeka plagi hadi usikie kibanio kikilia "ka". Kadi yenye matundu mawili ipe nyaya mbili tofauti, usitumie waya mmoja wenye vichwa viwili kama una mwingine. Waya wa skrini uchomeke kwenye kadi, siyo kwenye mazabodi. Nimeitwa nyumbani kwa watu mara nyingi kwa kosa hili moja.

Weka draiva, kisha endesha programu ya kuikimbiza kadi kama FurMark kwa dakika 20, kasha likiwa wazi na wewe ukiwa umekaa hapo. Mashine ikizima au kujiwasha upya ghafla bila ujumbe wowote, pawa saplai ndiyo mshukiwa wa kwanza. Kama una mita ya kupimia volti, pima kwenye kichwa cha Molex kilicho huru: njano na nyeusi, kadi ikiwa kazini. Volti iwe kati ya 11.4 na 12.6. Ikianguka chini ya 11.4, simamisha. Namba za volti zinazoonyeshwa na programu usizitegemee sana, mita ndiyo inayosema kweli. Shika vichomeo vyake kwa utulivu visigusane.

Ikiwa uko pembezoni kidogo na huna hela ya boksi jipya mwezi huu, shusha kikomo cha umeme cha kadi kwa programu ya MSI Afterburner, kwa kadi zinazoruhusu. Asilimia 80 ya umeme inakupunguzia kasi kidogo kuliko unavyofikiri, na pawa saplai inapumua.

Mwisho, weka kidole kwenye plagi ya kadi, kwenye plastiki yake, mara tu baada ya kuzima, uhakikishe haijawa ya moto.

Yule kijana tulimtafutia pawa saplai ya ATX ya wati 450 yenye ampea 36 kwenye laini ya volti 12 na plagi yake halisi ya pini 8. Hesabu yake ya wati 257 ikawa asilimia 57 ya boksi. Diski ilikuwa salama, na faili la ile nyumba lilikuwepo. Akalifungua pale pale mezani kwangu, akabonyeza kurenda, tukakaa tukanywa chai. Picha ilipokamilika alizima mashine mwenyewe, akaingiza mkono ndani ya kasha, akaishika plagi. Ilikuwa vuguvugu tu.